Historia ya Mialo ya Ufipa

Viongozi wa vikundi, hesabuni waliofika, kisha kila mtu afungue daftari lake. Kama ramani ya Tanzania ipo ukutani, mtu mmoja na asimame karibu nayo, kwa maana leo tutaitumia sana.

Somo la leo limetokana na barua. Kikundi kimoja cha wasikilizaji, wanaokaa chini kule kando ya Ziwa Tanganyika, wametuarifu kwamba maji yameacha mchanga mpana mbele ya kijiji chao, na mchanga huo umeleta ugomvi. Vijana wanataka kujenga hapo maduka na nyumba za wageni, kwa sababu wamesikia kwamba ufukwe mzuri huleta watalii, na watalii huleta fedha. Wazee wanakataa. Wao wanasema kwamba mahali pale ni pa ziwa, na mwenyewe atarudi. Basi wametuuliza: je, historia yasemaje?

Swali hili ni zuri, nami nitalijibu mwisho wa somo. Lakini jibu halitaeleweka mpaka tujue kwanza fukwe zenyewe zilitoka wapi, na nani walizitumia kabla yetu.

Haya, mwenye ramani na aweke kidole juu ya Sumbawanga. Sisi tunaokaa hapa nyanda za juu tuko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sasa shusha kidole upande wa kusini-magharibi, upite Matai, ufike Kasanga. Ni safari ya kilometa zaidi ya 100. Pale majini ni kiasi cha mita 770 tu. Maana yake, mtu atokaye Sumbawanga kwenda ziwani hushuka zaidi ya mita 1,000. Huacha baridi na ulezi, hukuta joto na michikichi.

Ukuta huo mkubwa ni kingo za Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia zamani sana, na katika ufa huo maji yakajaa. Ndiyo maana Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba, kiasi cha kilometa 670 toka kaskazini hata kusini, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal peke yake, lililoko Urusi, linalolizidi kwa kina.

Sasa sikilizeni jambo moja muhimu. Mahali pengi milima ya Ufipa inaingia majini moja kwa moja, mwamba hata kilindini. Hapana pa kuegesha mtumbwi, wala pa kuanika dagaa. Ufukwe wa mchanga hupatikana pale tu ambapo mto umeshuka toka juu ukaleta mchanga, au pale ambapo bonde dogo limefunguka. Kwa hiyo, katika mwambao wetu, karibu kila ufukwe una kijiji, na kila ghuba yenye utulivu imekuwa bandari. Anzeni kusini mwende kaskazini: Kasanga, Kala, Wampembe, Kipili, Kirando. Mkiendelea mbele mtaingia Mkoa wa Katavi, mfike Karema. Majina hayo tuyaandike daftarini.

Kwa nini ghuba ni kitu cha thamani? Kwa sababu ya upepo. Tangu mwezi wa Mei mpaka Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa, na mawimbi huwa makubwa kama ya bahari. Mvuvi aliyekutwa nje hutafuta mahali pa kujificha. Pale Kipili visiwa vimesimama mbele ya mji kama boma, navyo huvunja mawimbi. Pale Kasanga rasi imejitokeza, na nyuma yake maji hutulia. Watu wa kale hawakuchagua makao yao kwa kubahatisha. Walikuwa wakiusoma upepo kama sisi tusomavyo gazeti.

Tena fukwe hizo hazikuwa za watu wa ziwani peke yao. Wafipa wa nyanda za juu walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, ambazo zilivuta hewa zenyewe pasipo mivukuto, na chuma kilichopatikana kilifuliwa kikawa majembe. Huko bonde la Rukwa walilima pamba na kufuma nguo nzito. Majembe, nguo na nafaka vilishuka, samaki wakavu wakapanda. Kila mwalo ulikuwa na njia yake ya kupandia mlimani. Kwa hiyo mtu wa Sumbawanga asiseme, "Habari za ziwa si zangu." Babu yake alikula samaki wa huko na kuuza jembe lake huko.

Katika karne ya 19 njia hizo zilipitisha pia mizigo ya huzuni. Misafara ya pembe na watumwa ilizunguka ncha ya kusini ya ziwa, na watu wengi wa bara walifikishwa pwani wakiwa wamefungwa. Ghuba ile ile iliyomficha mvuvi na upepo iliweza kumficha mteka watu. Haya nayo ni historia yetu, wala haifai kuyaficha.

Sasa tuje kwa wageni waliotuachia maandishi. Mwaka 1858 Burton na Speke, Waingereza, walifika Ujiji. Mwezi wa Aprili, mwaka 1867, Dr. Livingstone aliteremka kwenye ncha ya kusini ya ziwa, akaambiwa na wenyeji kwamba jina lake ni Liemba. Livingstone alipita tena katika mwambao wetu mwaka 1872, akitembea kwa miguu kuelekea kusini, naye akafa mwaka uliofuata, Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Nataka tuulizane jambo. Je, fukwe alizoziona Livingstone ndizo hizi tunazozikanyaga leo? Watu wengi watajibu, "Ndizo." Lakini sivyo. Mchanga mwingi tunaotembea juu yake leo ulikuwa chini ya maji siku zile. Sababu yake iko ng'ambo ya pili, katika nchi ya Kongo.

Mwenye ramani na avuke ziwa mpaka Kalemie. Hapo ndipo unapotoka mto Lukuga, nao ndio mlango wa pekee wa ziwa letu. Mito mingi huingia, lakini Lukuga peke yake ndio unaotoa maji, ukiyapeleka katika mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Msafiri Cameron alipofika hapo mwaka 1874 alikuta mlango umesongwa na majani, maji yakisogea kwa shida. Stanley alifika mwaka 1876, akakuta matope yameziba. Maji yaliingia toka pande zote lakini hayakuwa na pa kutokea. Basi ziwa likapanda. Kisha, kiasi cha mwaka 1878, kizuizi kilibomoka. Kapteni Hore wa misheni ya London alikuta Lukuga ukienda kwa nguvu mwaka 1879, na Joseph Thomson naye alishuhudia mkondo huo mkali muda mfupi baadaye.

Je, matokeo yake yalikuwa nini? Katika muda wa miaka 15 hivi ziwa lilishuka kiasi cha mita 10. Hebu fikirini. Mita 10 ni urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Mahali penye mteremko mdogo maji yaliondoka mbali kabisa, na mchanga ukabaki mkavu.

Mfano ulio wazi kupita yote uko Karema. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga ngome juu ya kilima, na maji yalikuwa karibu. Mwaka 1885 ngome hiyo ilipewa mapadri wa White Fathers. Lakini maji yalizidi kuondoka mwaka hata mwaka, na ngome iliyokusudiwa kuwa ya bandari ikabaki mbali na ziwa. Mtu aliyejenga bandari alijikuta amejenga porini.

Kabla hatujaondoka Karema, yafaa tumkumbuke mtu mmoja ambaye maisha yake yanaunganisha ufukwe wetu na fukwe za mbali. Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, upande wa mto Niger, akatekwa utumwani angali mtoto. Mapadri walimkomboa wakampeleka kaskazini, na baadaye akasomea udaktari katika kisiwa cha Malta, kilichoko katikati ya Bahari ya Mediterania. Mwaka 1889 alifika Karema, akawatibu watu wa mwambao huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Kijana aliyejifunza kazi yake kando ya bahari maarufu kwa fukwe zake alitumia umri wake wote kuuguza wavuvi wa Ziwa Tanganyika.

Na kwa kuwa nimeitaja Mediterania, tuitazame kidogo, maana vijana wa kile kijiji wanaitamani hali ya kule. Ule mji wa Nice, ambao leo ni wa Ufaransa, ulipata wageni wake wa kwanza kwa sababu ya afya. Waingereza matajiri walikwenda huko kukimbia baridi ya kwao. Katika miaka ya 1820 wageni hao walichangia kujengwa kwa njia ya kutembelea kando ya ufukwe, na mpaka leo yaitwa Promenade des Anglais, yaani Matembezi ya Waingereza. Mwaka 1864 reli ikafika. Tangu hapo miji ya mwambao ule ilizidi kugeuka, na mahali pa nyavu pakawa mahali pa hoteli.

Lakini hapa kuna tofauti ambayo ndiyo kiini cha somo letu. Bahari ya Mediterania hujaa na kupwa kidogo sana, na mji wa Nice uliweza kujenga njia yake karibu na maji. Bahari ya Hindi hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mtu wa Bagamoyo huona kwa macho yake mpaka wa maji, naye hawezi kudanganyika. Ziwa letu je? Kwa mwaka mmoja hupanda na kushuka pungufu ya mita moja hivi, likijaa mwisho wa masika na kupungua mwisho wa kiangazi. Jambo hilo kila mvuvi analijua. Lakini liko jaa na pwa la pili, nalo huchukua miaka mingi, pengine umri wa mtu mzima. Mtoto huzaliwa akaukuta mchanga mkavu, akakua, akaoa, akajenga juu yake, akaamini kwamba ni ardhi. Kumbe ni sakafu ya ziwa iliyopumzika.

Tuendelee na karne ya 20. Wadachi walijenga ngome pale Kasanga, wakapaita Bismarckburg kwa heshima ya waziri wao mkuu. Walipachagua kwa sababu ile ile waliyopachagulia wavuvi: rasi ya kutazamia mbali, na ghuba ya kuficha vyombo. Mwezi wa Juni, mwaka 1916, katika vita ya kwanza ya dunia, vyombo vya Waingereza chini ya Spicer-Simson vilifika mbele ya Kasanga. Kamanda huyo aliiona ngome, akaogopa kuisogelea. Usiku Wadachi wakaingia katika mashua na mitumbwi, wakatoka ghubani, wakatoroka. Jeshi la nchi kavu lilipoingia, lilikuta ndege wamekwisha ruka.

Mwezi uliofuata Wadachi waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma, adui asiipate. Meli hiyo ilikuwa imeundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku kama 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1924 iliibuliwa, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya la Liemba, lile lile jina alilolisikia Livingstone. Kwa miongo mingi Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, ikitumikia mialo yetu. Penye gati ilifunga; pasipo na gati ilisimama mbali, mitumbwi ikaifuata na abiria, magunia na kuku. Meli ilijua jambo ambalo wajenzi husahau: kwamba ukingo wa maji si mahali pa kusimama daima.

Je, ziwa lilitulia baada ya kushuka kule? Halikutulia. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zililipandisha tena, likafika juu sana mwaka 1964. Kisha likarudi polepole, watu wakasogea tena mchangani. Halafu kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda tena. Mwaka 2021 na mwaka 2024 nyumba nyingi za Bujumbura, nchini Burundi, na za Uvira, nchini Kongo, ziliingiliwa na maji, na upande wetu pia watu wa mwambao walihama. Hayo hayakuwa maajabu. Ni ziwa lililorudi mahali lilipowahi kulala.

Sasa nimefika kwenye swali la barua. Nalijibu kwa sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: wazee wana haki. Nao wanaungwa mkono na sheria ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu katika mita 60 za ukingo wa ziwa. Lakini tufanye hesabu ndogo, tuone mita 60 ni kitu gani. Tuseme ufukwe wenu unapanda mita 1 kwa kila mita 20 za kwenda nchi kavu. Maji yakipanda mita 3 tu, yamekwisha maliza zile mita 60. Na yakirudi mahali yalipokuwa mwaka 1878, mita 10 juu, yatakwenda mita 200 ndani. Kwa hiyo msipime mkianzia mahali maji yalipo leo asubuhi. Muulizeni mzee aliyeishi hapo tangu ujana wake: "Maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko?" Tafuteni alama juu ya miamba na mashina ya miti iliyokufa kwa kuzamishwa. Wekeni jiwe hapo, hesabu ianzie hapo. Jiwe hilo litakuwa na thamani kuliko hoteli.

Sehemu ya pili: vijana nao wana haki. Si vibaya kutaka wageni, na tunavyo vitu vya kuwaonyesha kupita mchanga wa kulalia. Kuna magofu ya ngome ya Kasanga. Jirani na hapo kuna maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mara moja. Karibu na maporomoko hayo wataalamu waligundua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu miaka kama 476,000 iliyopita, na habari hiyo ilitangazwa ulimwenguni mwaka 2023. Tena kuna samaki wadogo wa miambani. Samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga, hivyo ufukwe kwao ni kama ukuta. Kwa ajili hiyo wa mwamba huu wana rangi yao, na wa ghuba ya pili wana rangi nyingine, ingawa ni ndugu. Mgeni atasafiri mbali kuja kuyaona hayo. Lakini nyumba yake ijengwe juu, mahali penye kivuli, naye ashuke mchangani kwa miguu. Ule mchanga wenyewe uachiwe vitu vinavyoweza kuondoka: mitumbwi, nyavu, vichanja vya dagaa, na watoto wanaocheza.

Na neno moja la kuongeza. Mahali pa wageni pasimfukuze mvuvi. Miji mingi ya Mediterania ilipata hoteli ikapoteza mialo, na mtoto wa mvuvi akalazimika kulipa ili akae mahali babake alipokuwa akivuta jarife. Serikali za vijiji ziandike mapema, katika mpango wa matumizi ya ardhi, kwamba mwalo ni mali ya wote na njia ya kufikia maji haifungwi na mtu yeyote. Jambo hilo ni rahisi kuandikwa leo, na ni gumu sana kudaiwa kesho.

Basi, tufupishe. Kwanza, fukwe za Ufipa ni chache kwa sababu ya milima, ndiyo maana kila moja ina historia. Pili, wavuvi, wafuasi wa misafara, wamisionari na wanajeshi wote walizifuata ghuba zile zile, kwa sababu ya upepo. Tatu, mpaka wa maji huhama kwa miaka mingi, na atakayeujua ni yule anayewauliza waliotangulia.

Sasa zimeni redio mjadiliane maswali haya:

1. Mahali mnapokaa, maji ya ziwa au ya mto yalifika wapi katika mwaka wa mafuriko makubwa kupita yote? Nani anakumbuka?

2. Njia gani za zamani ziliunganisha kijiji chenu na ziwa, na zilipitisha bidhaa gani?

3. Kama mngepewa fedha za kujenga nyumba moja ya wageni, mngeijenga wapi, na kwa nini?

Katibu wa kikundi aandike majibu na kutuletea. Nanyi ndugu zetu mlioandika barua, msiache ugomvi huu ukawatenganisha. Wazee na vijana wachukue kamba, waende pamoja ufukweni, wakapime.

Nawatakieni masomo mema. Kwaherini mpaka wiki ijayo.